Glakoma Si Mtoto wa Jicho: Usingoje Iive



Kwa kawaida ukurasa huu huzungumza juu ya mambo ya jikoni, malezi ya watoto na usafi wa nyumba. Juma hili tunauelekeza kwenye macho, na hasa kwenye ugonjwa uitwao glakoma, ambao watu wengi huuita presha ya macho. Tumeuchagua kwa sababu wako wazee wetu wanaokaa barazani miaka miwili mitatu wakiamini kwamba wana mtoto wa jicho. Kila wakilalamika kuwa nuru inapungua, majirani huwaambia, "Ngoja kwanza jicho liive, ndipo ukapasuliwe."

Ushauri huo umepitwa na wakati hata kwa mtoto wa jicho. Hata hivyo, mwenye mtoto wa jicho akichelewa, aghalabu upasuaji bado waweza kumrudishia nuru yake. Mwenye glakoma akichelewa, hapana daktari, dawa wala mashine hapa duniani iwezayo kumrudishia kile alichokwisha kupoteza. Hilo ndilo jambo kuu tunalotaka kila mtu wa nyumbani alielewe leo. Glakoma hulinda hesabu yake kwa siri: inachochukua haikirudishi. Lakini kile kilichobaki chaweza kulindwa, pengine mpaka mwisho wa maisha ya mtu, ikiwa ugonjwa utagunduliwa mapema na matibabu yatafuatwa bila kukatizwa.

MAJINA YANAYOCHANGANYWA

Kwanza tutenganishe maradhi ambayo watu huyachanganya. Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia katika lenzi ya jicho, kama kioo cha taa kilichopata moshi. Daktari huondoa lenzi hiyo na kuweka nyingine ya bandia, na mtu huona tena.

Trakoma, ambayo jina lake linakaribiana na glakoma, ni ugonjwa mwingine kabisa. Husababishwa na vijidudu vinavyoenezwa na mikono michafu, vitambaa na nzi, nao umejulikana kwa miaka mingi katika sehemu za Karamoja na Busoga hapa Uganda. Kope hujikunja kuelekea ndani na kukwaruza jicho. Kunawa uso na kutumia vyoo husaidia sana kuuzuia. Upofu wa mto nao huletwa na minyoo midogo inayosambazwa na inzi mweusi aishiye karibu na mito iendayo kasi.

Glakoma haiambukizwi. Hailetwi na nzi, wala taulo, wala kutazamana na mgonjwa. Kunawa uso hakuizuii. Wala haitoki kwa jicho la husuda la jirani. Chanzo chake kimo ndani ya jicho lenyewe.

JICHO LILIVYO NDANI

Nyuma ya duara la rangi tunaloliona katika jicho, mna sehemu ndogo inayotengeneza maji safi mchana na usiku. Maji haya si machozi. Machozi huosha jicho kwa nje, ilhali maji haya hukaa ndani na kulisha lenzi na kioo cha mbele cha jicho, sehemu ambazo hazina mishipa ya damu. Maji hupita katika mboni, huja mbele, kisha hutoka kupitia chujio jembamba lililo pembeni, pale duara la rangi linapokutana na kioo cha mbele.

Maji yanayoingia yakilingana na yanayotoka, jicho hubaki na msukumo wa kadiri. Kwa watu wengi msukumo huo huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Chujio likianza kuziba, maji hayatoki kwa kadiri inayofaa, ilhali jicho linaendelea kutengeneza mengine. Msukumo hupanda. Jicho halipasuki, bali pale nyuma ambapo mshipa wa fahamu hutoka kwenda ubongoni huanza kuumia.

Mshipa huo umefumwa kwa nyuzi zaidi ya milioni moja, kila uzi ukichukua habari za sehemu yake ndogo ya kile tunachokiona. Nyuzi zikifa, hazioti tena kama unywele au ukucha. Ndiyo maana tulisema kilichopotea hakirudi.

Tuongeze jambo moja linalowatatiza wengi. Presha ya macho si presha ya damu. Mtu aweza kuwa na presha ya damu iliyo sawa kabisa na bado akawa na glakoma. Tena wako watu ambao mshipa wao huumia ingawa msukumo wa jicho umo katika kadiri ya kawaida. Kwa hiyo asitokee mtu akasema, "Nilipimwa presha zahanati, basi macho yangu ni mazima."

KWA NINI MGONJWA HAJUI

Glakoma iliyoenea zaidi katika Afrika yetu ni ile inayokwenda polepole. Haiumi. Haiwashi. Jicho halitoi usaha wala halibadiliki rangi. Mara nyingi nuru hupotea kwanza pembeni, na kwa kuwa tuna macho mawili, jicho moja hufunika upungufu wa mwenzake. Ubongo nao hujaza pengo, hata mtu asione kwamba kuna pengo. Mgonjwa aweza kusoma herufi ndogo katika gazeti hili, akatia uzi katika tundu la sindano, na huku amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nuru ya pembeni.

Watu wa nyumbani ndio huona mapema, ila hawajui wanachokiona. Baba hupiga teke mtungi uliowekwa kando ya mlango, akaitwa mzembe. Mama hupita karibu na jirani bila kumsalimu, akaitwa mwenye kiburi. Babu hukosa kidato kila jua linapotua, watu wakasema ni uzee. Fundi aliyekuwa hodari hupapasa mkasi uliolala ubavuni pake. Dereva wa lori au wa bodaboda hugusa kila mara upande ule ule wa barabara, na waliopakiwa humlaumu kwa mwendo mbaya. Kabla hatujamgombeza mtu kwa mambo kama haya, tujiulize kwanza kama anaviona vile tunavyodhani anaviona.

Iko namna ya pili, ambayo huja kwa ghafla. Njia ya maji hufungwa mara moja, na msukumo hupanda mno kwa muda wa saa chache. Jicho huwa jekundu na gumu, huuma pamoja na kichwa upande ule, nuru huingia ukungu, na taa huonekana ina duara la rangi kama upinde wa mvua. Mgonjwa hutapika. Kwa sababu ya kutapika na kuumwa kichwa, jamaa hufikiri ni malaria au tumbo, wakatafuta dawa za maradhi hayo. Mtu wa namna hii apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwa maana kila saa ina thamani.

Namna ya tatu huwapata watoto wachanga, nayo yahitaji macho ya mama na mkunga. Mtoto huzaliwa na macho makubwa kupita kiasi, na wageni humsifu kwa uzuri wake. Lakini mtoto huyo hutokwa machozi mengi, hukunja uso akitolewa nje kwenye mwanga, na kioo cha jicho chaweza kuwa na ukungu wa rangi ya buluu au maziwa. Macho makubwa ya namna hii hayakuumbwa kuwa pambo. Msukumo umeyatanua, maana jicho la mtoto bado laini. Aonwe na daktari wa macho bila kuchelewa, na aghalabu atahitaji upasuaji.

WALIO KATIKA HATARI

Glakoma yaweza kumpata mtu yeyote, lakini haiwachagui watu kwa usawa. Umri ni jambo la kwanza, kwani hatari huongezeka baada ya miaka 40. Asili nayo ina sehemu yake. Uchunguzi uliofanywa katika mji wa Baltimore, Marekani, na kutangazwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba watu weusi wa mji huo waliugua glakoma ile ya polepole mara nne hadi tano kuliko weupe. Kwetu sisi ushahidi uko karibu zaidi. Katika wilaya ya Kongwa, Tanzania, wataalamu waliwapima watu zaidi ya 3,000 wa vijijini wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2000 yalionyesha kuwa wapatao 4 katika kila 100 walikuwa na glakoma. Maana yake, mkiketi watu 25 wa umri huo katika arusi, huenda mmoja wenu anayo.

Jambo la tatu ni damu ya ukoo. Mtu ambaye baba, mama, kaka au dada yake ana glakoma yumo katika hatari kubwa mara kadhaa kuliko mwingine. Hapa pana kazi ya kila nyumba. Waulizeni wazee: ni nani katika ukoo wetu aliyepofuka, alipofuka akiwa na umri gani, na kwa namna gani? Jibu likiwa, "Bibi yenu alipofuka pole pole, na hakuna aliyejua sababu," basi wanawe na wajukuu waliofika utu uzima waende kupimwa. Na mmoja akigunduliwa kuwa nayo, asifiche kwa aibu. Awaambie ndugu zake wa tumbo moja, kwani pengine ndiyo zawadi kubwa atakayowapa.

Wengine walio hatarini ni waliowahi kuumia jicho kwa fimbo, mpira, jiwe au ngumi, hata kama jeraha lilipona miaka mingi iliyopita. Kadhalika wenye upungufu mkubwa wa kuona mbali, na wagonjwa wa kisukari.

Tena kuna hatari tunayoinunua wenyewe dukani. Matone yenye dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni, hutuliza upesi macho yanayowasha na kuwa mekundu. Daktari huyatoa kwa siku maalumu na kwa uangalizi. Lakini mama akiona mwanawe amepata nafuu, huenda tena na chupa tupu duka la dawa kununua nyingine, na nyingine baada ya hapo, miezi hata miaka. Kwa baadhi ya watu matone hayo hupandisha msukumo wa jicho, na mtoto aliyeanza na kuwashwa tu huishia na glakoma. Usirudie dawa ya macho kwa shauri lako mwenyewe, wala usiazime chupa ya jirani. Na utomvu wa majani au maji ya mitishamba yasitiwe jichoni hata kidogo.

NAMNA YA KUPIMWA

Wengi huogopa hospitali ya macho kwa kudhani watachomwa sindano ya jicho. Vipimo vya glakoma havina sindano, na vingi haviumi.

Kwanza mtaalamu atakuuliza habari zako na za ukoo wako. Atakusomesha herufi au alama ukutani, jicho moja baada ya jingine. Kumbuka kwamba kufaulu mtihani huu hakutoshi, kwa kuwa glakoma huacha nuru ya katikati hadi mwisho.

Pili, atapima msukumo wa jicho. Hutia tone la dawa ya ganzi, kisha hugusisha juu ya jicho chombo kidogo, ama chenye mwanga wa buluu, ama chenye uzito mdogo, ama kinachoshikwa mkononi kama kalamu. Ziko pia mashine zinazopuliza hewa bila kugusa. Msukumo hubadilika katika saa za siku, basi usishangae ukiambiwa urudi kupimwa tena.

Tatu, ambalo ndilo kubwa, atatazama mshipa wa fahamu kwa kupitia mboni, akitumia chombo chenye taa. Pengine atatia kwanza matone ya kupanua mboni, nawe utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo uende na mtu wa kukuongoza na usiendeshe chombo. Katikati ya mshipa huo mna kishimo kama kikombe. Nyuzi zinapokufa, kikombe hupanuka na ukingo wake hupungua. Daktari aliyezoea husoma habari hizo kama mkulima anavyosoma udongo wa shamba lake. Uwezo huu wa kuona ndani ya jicho la mtu hai ulianza na chombo cha Mjerumani Hermann von Helmholtz, ambacho habari zake zilichapishwa mwaka 1851. Kabla ya hapo madaktari walibahatisha.

Nne, hutazama ile pembe yenye chujio kwa lenzi ndogo yenye vioo, apate kujua kama njia ya maji iko wazi au imefungwa. Na mwisho, mahali penye mashine, mgonjwa huketi akikazia macho nukta moja, na kila anapoona mwanga mdogo ukimweka pembeni hubonyeza kitufe. Mashine huchora ramani ya nuru yake. Ramani ya mwaka huu ikilinganishwa na ya mwaka ujao, hujulikana kama ugonjwa umesimama au unasonga mbele.

Wapi pa kuanzia? Anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ukaulize siku za kliniki ya macho. Tunao matabibu wa macho waliofunzwa katika chuo cha Jinja, nao wameenea katika hospitali mbalimbali. Wao hupima na kumpeleka mgonjwa kwa daktari bingwa inapolazimu, kama Mulago na Mengo huko Kampala, au Ruharo huko Mbarara. Aliyefika miaka 40 apimwe hata kama anaona vizuri. Mwenye ndugu mgonjwa apimwe mapema zaidi, kisha arudi kila mwaka au kama atakavyoelekezwa.

MATIBABU

Matibabu yote ya glakoma yana shabaha moja, nayo ni kushusha msukumo wa jicho, ili nyuzi zilizobaki zisife. Ziko njia tatu: matone, mwanga wa leza na upasuaji.

Historia ya matone yaigusa Afrika yenyewe. Katika nchi ya Calabar, ambayo leo imo Nigeria, palikuwa na maharage ya sumu yaliyotumika katika viapo. Aliyeshtakiwa kwa uchawi alinyweshwa, na akiokoka alihesabiwa hana hatia. Wataalamu wa Ulaya waliitoa dawa katika maharage hayo, na mwaka 1876 daktari Ludwig Laqueur, ambaye yeye mwenyewe aliugua glakoma, alitangaza kwamba hushusha msukumo wa jicho. Mwaka uliofuata ilitangazwa pilokapini, iliyotoka katika mmea wa Amerika ya Kusini. Timolol iliidhinishwa Marekani mwaka 1978, na latanoprost mwaka 1996. Dawa hizi mbili sasa zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Kila dawa ina masharti yake. Mwenye pumu au moyo unaopiga polepole amwambie daktari kabla ya kupewa timolol, kwani yaweza kumdhuru sana. Latanoprost hutiwa mara moja kwa siku, aghalabu jioni. Huweza kuleta wekundu wa jicho na kurefusha kope. Pilokapini hubana mboni, na mtu huona giza zaidi wakati wa magharibi. Vidonge vya asetazolamidi huleta mkojo mwingi na ganzi ya vidole.

Leza ni mwanga wenye nguvu unaoelekezwa kwenye chujio ili maji yapite vizuri zaidi. Kazi yake huchukua dakika chache, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, wagonjwa 201 waligawanywa, wengine wakapewa leza na wengine timolol. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba, baada ya mwaka mmoja, matibabu yalikuwa yamefanikiwa katika macho 61 kwa kila 100 yaliyopata leza, na 31 kwa kila 100 yaliyopata matone. Habari hii ni njema kwa nchi zetu, ambako kununua dawa kila mwezi ni mzigo. Lakini mashine hizi bado haziko kila mahali, na nguvu ya leza yaweza kupungua kadiri miaka inavyopita, hivyo mgonjwa huendelea kupimwa.

Upasuaji unaotumika sana ni ule ulioelezwa na daktari Cairns wa Uingereza mwaka 1968. Daktari hufungua kijia kidogo chini ya kope la juu, maji yapate njia mpya ya kutokea. Mgonjwa na jamaa zake waelewe vizuri kabla ya kukubali: upasuaji huu hauongezi nuru. Katika majuma ya kwanza nuru yaweza hata kupungua kidogo. Aliyepasuliwa akipata wekundu, maumivu au usaha katika jicho hilo, hata baada ya miaka mingi, akimbilie hospitali siku hiyo hiyo.

JINSI YA KUTIA TONE

Dawa nzuri ikitiwa vibaya huishia shavuni. Fuateni utaratibu huu:

1. Nawa mikono kwa sabuni.

2. Keti au lala, inamisha kichwa nyuma, utazame juu.

3. Kwa kidole vuta ukope wa chini upate mfuko mdogo. Tia tone moja ndani yake. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kope.

4. Fumba jicho taratibu bila kulikaza. Bonyeza kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua, kwa dakika moja au mbili, dawa isiteremke kooni na kuingia mwilini.

5. Ukiwa na dawa ya pili, ngoja dakika tano.

Chupa iwekwe mahali pa baridi na kivuli, mbali na meko na mbali na watoto. Muulize mtoa dawa kama inahitaji jokofu, na ni lini itupwe baada ya kufunguliwa. Mzee ambaye mkono unatetemeka apewe mjukuu mmoja wa kumtilia, saa ile ile kila siku, pengine wakati wa taarifa ya habari ili wasisahau. Ukienda matangani au safarini, chupa iende nawe.

KULIPIA KISICHOONEKANA

Tunafika sasa mahali ambapo nyumba nyingi hushindwa. Mgonjwa hupewa matone. Baada ya mwezi haoni tofauti. Baada ya miezi mitatu haoni tofauti. Chupa imekwisha, karo za shule zimefika, na mkubwa wa nyumba husema, "Dawa hii haifanyi kazi. Macho yako ni yale yale."

Ndugu msomaji, macho kuwa yale yale ndiyo kazi ya dawa hiyo. Anayelinda ghala usiku haongezi hata gunia moja la mahindi. Hulipwa ili asubuhi magunia yakutwe kama yalivyoachwa. Mkimfukuza kwa sababu hakuongeza gunia, mtamjua thamani yake siku mtakapofungua mlango na kukuta ghala tupu. Matone hayatampa mgonjwa furaha ya kuona zaidi, na wala hayatamwonya siku atakapoacha. Wiki ya kwanza bila dawa ni sawa na wiki yenye dawa. Madhara huja baadaye, tena kimya.

Basi ugonjwa huu uingizwe katika hesabu ya nyumba kama chumvi na sabuni. Jamaa wakae pamoja, waulize bei ya dawa zilizopo, na wamweleze daktari kwa ukweli uwezo wao. Mgonjwa anayejua kwamba hataweza kununua matone kila mwezi asione haya kusema hivyo. Daktari aweza kumfikiria kwa leza au upasuaji mapema, na hilo ni bora kuliko kuandikiwa dawa ambayo haitanunuliwa. Msimamo wa kuona haya umewapofusha wengi.

Kwa wale waliokwisha kupoteza nuru, tusiwauzie ng'ombe wala shamba kwa ahadi za waganga wanaodai kurudisha macho. Mali hiyo itawasaidia zaidi wakijifunza kutembea kwa fimbo nyeupe, wakipangiwa vyombo mahali pasipobadilishwa, na wakishirikishwa katika mashauri ya nyumba kama zamani. Upofu hauondoi akili ya mtu wala heshima yake. Na jicho la pili, likiwa bado na nuru hata kidogo, liendelee kutibiwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa glakoma methali hiyo ina ukali zaidi, kwani ukuta huu ukianguka haujengeki. Juma hili, kabla ya gazeti hili kufungiwa sukari, tafadhali msomee mzee mmoja wa nyumbani mwako yaliyoandikwa hapa, kisha mpange pamoja siku ya kwenda kupimwa.